Mchezaji wa Tano

Kavuo alikuwa katikati ya maneno yake mlango uliposukumwa, akaingia mwanamume aliyevaa kama mtu anayekwenda kumposa binti wa gavana. Koti la rangi ya maziwa, shati jeusi lililopigwa pasi mpaka likanyamaza, na viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, ambavyo udongo mwekundu wa Butembo ulikuwa umevipanda hadi kwenye kamba.

Ilikuwa siku ya soko, na jengo lile la mtaa wa Kimemi lilikuwa linavuma kama mzinga. Chini wanauza mapazia na simu, juu yake kwaya inafanya mazoezi, na mwisho wa korido kabisa, katika chumba ambacho mwenye jengo alimwazima Kavuo kwa sababu ndiye mwalimu wa binti yake, vijana kama kumi na watano walikaa kwenye viti vya plastiki wakimtazama kwa mashaka.

“Pardon,” mgeni akasema. “Ni hapa réunion, mukutano ya batu ya Kasaï?”

“Hapana. Hapa ni jeu vidéo, muchezo ya telefone. Lakini kiti iko. Ikala.”

Vijana wakacheka. Mgeni akafuta kiti kwa leso, akakaa. Kavuo akavuta mikono ya pulova yake, kwa maana asubuhi za Butembo hazina huruma, akaendelea.

“Jeu yangu inaitwa Turudi Bote. Bachezaji ine, kila mutu na telefone yake. Internet hapana. Telefone moja inatoa réseau, zile tatu zinashika kwake. Muko mu shamba ya kakao, jua inaanguka, brouillard inashuka, ukungu nzito. Kila mutu iko na kitunga mu mugongo. Lazima mufike mu mugini, ku nyumba zenu, bote ine mbele giza ifunge njia. Hamuonane. Munasikilizana tu.”

“Na silaha?” kijana mmoja akauliza.

“Hapana silaha.”

“Tunaua nani sasa?”

“Hakuna mutu munaua. Munarudi nyumbani.”

“Madame, kurudi nyumbani miye niko nafanya kila siku bure,” kijana akasema, akasimama, na wenzake wengi wakatoka naye wakicheka hadi kwenye ngazi. Alibaki msichana mmoja mwenye vidole vya rangi, Christa, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni. Na alibaki yule mwenye koti.

Kavuo aliviambia viti vilivyobaki, kwa sauti ileile anayowasemea wanafunzi wake inspekta akiwa mlangoni: “Natafuta mutu wa kuandika programu, mutu wa kuchora, na mutu wa sauti. Mushahara bado. Kama jeu inauzika, tunagawa.”

Mwenye koti akainua mkono kama mtoto wa shule. “Kama mumoja anapotea mu brouillard?”

“Benzake banarudi kumutafuta.”

“Na kama habamuone?”

“Banatafuta tena.”

“Mpaka lini?”

Kavuo akatazama dirishani. “Jeu haiishe.”

“Mademoiselle, jeu yenye haiishe si jeu. Ni maladi, ni ugonjwa.” Alipoona hachekeshi, akashusha sauti. “Lakini naweza kuiandika. Naitwa Grady. Niko informaticien, mutu wa kompyuta, mu bureau moja ya serikali kule Beni. Kazi yangu ni kufungua imprimante, mashini ya kuchapa, na kuifunga. Roho yangu inaoza.”

“Na réunion yako?”

“Kule banagombana tu. Hapa kuko mutu wa kuangalia.”

Christa akaficha mdomo kwa vidole vya rangi. Kavuo akamkagua yule mtu toka koti hadi matope. “Swahili yako ni ya wapi, Monsieur Grady?”

“Nilizaliwa Kananga, nilisoma Lubumbashi.”

“Inasikika. Hata yenyewe inavaa koti.”

*

Hivyo ndivyo kikosi kilivyoanza, watu watatu. Kila Jumamosi Grady alipanda kutoka Beni, nao wakafanya kazi katika chumba cha kompyuta cha shule ya wasichana alikofundisha Kavuo. Siku nyingine walifanya kazi kwa simu, na kazi haikukawia kugeuka kuwa kitu kingine.

“Allô, patronne.”

“Usiniite patronne.”

“Nikuite nani basi?”

“Kavuo.”

“Kavuo peke? Bila kitu mbele, bila kitu nyuma? Hata chayi munatiaka sukari.”

“Sukari inaharibisha meno. Sema shida yako.”

“Shida yangu ni ile brouillard. Nimeiandika muzito sana, hata miye mwenyewe sione njia.”

“Iko muzuri. Uache vile.”

“Na wewe unaniacha vile?”

Kavuo alicheka, halafu akaziba mdomo. Kicheko chake kilimshtua, kama mtu aliyejaribu gauni la zamani akakuta bado linamtosha.

Alikuwa na tabia chache ambazo Grady alizichukua kuwa madaha. Popote walipoingia, alikaa akitazama mlango. Wakitembea, mara nyingine alipunguza mwendo bila sababu, kana kwamba kuna mtu nyuma anayefunga kiatu. Na namba ngeni ikipiga kwenye simu yake hakuiacha ikate, hata awe mbele ya darasa.

Jumamosi moja walikwenda kula fufu na samaki kwenye mgahawa wa juu ya soko. Kavuo alivaa kitenge cha kijani kibichi chenye ndege weupe, na nywele zake alizisuka upya. Grady alinawa mikono, akaikausha polepole, akafungua mdomo. Simu ikalia. Namba ngeni.

“Allô?” Kavuo alikuwa amekwisha kusimama. “Allô? Ni nani? Sema tu, nakusikia. Allô?”

Alikuwa mtu wa Kasindi, mpakani, anayemtafuta dereva wa lori. Kavuo alirudi mezani uso umemkauka.

“Ulingojea nani?” Grady akauliza.

“Hakuna mutu.”

“Kavuo. Nakupenda. Sina maneno ya kuzunguka.”

Kavuo aligeuka akatazama nyuma yake. Kulikuwa na ukuta tu, na kalenda ya kampuni ya bia. “Hata miye,” akajibu, kwa sauti ya chini sana, kama mwenye kuchelea kuna mtu atakayesikia.

Aliyeogopa asikie alikuwa Kambere.

Kambere alikuwa mchumba wake, mtu wa mji wa Oicha. Mbuzi wa kwanza wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa, na padri alikuwa anawafundisha ndoa, alipokwenda shambani siku moja kuvuna kakao na watu wa porini wenye bunduki wakamchukua pamoja na wengine. Mwili haukuonekana, wala habari. Miaka mitatu sasa. Hakuna aliyemwambia Kavuo kwamba yeye ni mjane, na hakuna aliyemwambia kwamba yuko huru. Mama wa Kambere, Mama Katungu, aliyekimbia Oicha akapanga nyumba huko Beni, alikataa misa ya marehemu isisomwe. “Misa inaua,” alisema. Kila mwezi Kavuo alishuka kumwona, akamletea sabuni na unga, na mama alimwita muke wetu.

Hayo Kavuo hakumwambia Grady. Kila alipotaka kuanza, aliona kama anasema maneno mbele ya mtu aliyesimama mlangoni, ambaye hajakaribishwa wala hajafukuzwa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kambere hakuwa mtu wa kuanza maneno bila kupiga mluzi. Mluzi ule, mfupi, wenye mkia unaopanda, ndio aliomwitia Kavuo barabarani, na ndio uliofungua kila ujumbe wa sauti aliomtumia. Simu ya Kavuo ilipoingia maji ikafa, mluzi mmoja tu ulipona, kwa sababu alikuwa ameuhamisha kwenye kompyuta ya shule waliyofanyia kazi. Siku moja akiwa peke yake aliingia katika programu ya Grady, akamweka mtu wa tano ukingoni mwa shamba. Hakuna simu iliyomwongoza. Alisimama tu ndani ya ukungu, na wale wanne wakishaondoka, alipiga mluzi.

Christa aliusikia wakati wa kujaribu. “Nani anapiga mluzi?”

“Ni upepo,” Kavuo akasema, ingawa Christa alikuwa anazijua habari za Kambere.

*

Habari njema zilikuja kwa simu. Walikuwa wamebakiza siku chache waonyeshe mchezo kwa vijana wa Beni, watafute watu wa kuongeza katika kikosi.

“Chérie, telefone hazikwame tena!”

“Ulifanya nini?”

“Kulikuwa mutu mumoja wa tano. Anasimama tu, hachezi, anakula mémoire bure. Erreur, kosa sijui ya wapi. Nilimufuta.”

Kavuo akashika ukingo wa meza. “Copie iko?”

“Copie ya erreur? Nilisafisha yote, hata ku kompyuta ya shule. Kavuo? Uko pale?”

“Umemuua.”

“Nimeua nani?”

“Umemuua, Grady.”

Ndipo yakatoka yote, kwa mpangilio mbovu: mluzi kabla ya mwenye mluzi, mbuzi kabla ya uchumba, mama kabla ya mwana. Kavuo alisikia pikipiki zikipita huko Beni.

“Miezi yote hii,” Grady akasema mwishowe, “miye nilikuwa nani?”

“Usijifanye. Ulijua. Christa alikuambia, ukamufuta juu ya wivu!”

“Christa hakuniambia kitu. Kavuo, niliona mutu hana jina, nikamufuta. Ungeniambia jina yake, ningemushonea hata koti.”

“Unadanganya.”

“Basi ngojea bwana yako,” Grady akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. “Miye nilifikiri kiti ilikuwa wazi.”

Akakata.

Kavuo alikwenda moja kwa moja kwenye saluni ambako Christa alikuwa juu ya ngazi akipaka midomo nyekundu kwenye ukuta. Christa alisikiliza, akashuka. “Yaya, dada yangu, nakuapia, sikumuambia hata neno. Niliona si mudomo yangu ya kusema hayo.”

Kavuo akampigia Grady pale pale. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Usiku hakulala vizuri. Kwanza alikuwa akihisi mtu mmoja nyuma yake, na sasa aliwahisi wawili.

Mwisho aliona njia moja tu iliyobaki. Simu ya Mama Katungu ilikuwa na jumbe za Kambere. Ataomba mluzi mwingine, amrudishe mahali pake, kisha yatakayokuja na yaje.

Akapanda gari la asubuhi la kwenda Beni. Karibu na Kabasha tairi lilitoboka, abiria wakashuka wakasimama kando ya migomba. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Kutoka ndani ya migomba ukasikika mluzi, mfupi, wenye mkia unaopanda. Ukasikika tena.

“Dada,” mama mmoja mwenye kuku akamwambia Kavuo, “haitakuwa wewe banaita?”

“Hapana, mama. Si miye,” Kavuo akajibu. Hakugeuka. Lakini vinyweleo vya mikono vilimsimama mpaka wakaingia Beni, joto likampokea, na hapo ndipo alipotambua kwamba bado amevaa pulova.

*

Mama Katungu alikuwa anabangua maharagwe barazani kwake, mtaa wa Boikene, kitambaa cha zambarau kichwani. Hakushangaa.

“Umekuya kutafuta sauti,” akasema, kabla hata ya salamu.

Kavuo alibaki amesimama. “Nani amekuambia, Mama?”

“Mwenzako amekutangulia. Ikala.” Mama akasogeza beseni. “Kijana wa Kasaï, aliuliza mutaa muzima mpaka akanifikia. Alivua viatu yake pale ku mulango, ile viatu ya kuchongoka mbele. Akasema: Mama, nimefuta sauti ya mutoto wenu bila kujua. Nimekuya kuomba musamaha, na kuomba ingine, nimurudishe fasi yake. Nikamuuliza: we ni nani kwa Kavuo? Akasema: Niko mwenye kumupenda, Mama. Lakini yeye iko na bwana, na miye sitapita mbele ya mutu mwenye haiko, hawezi hata kujibu.”

Maharagwe yalianguka kutoka mikononi mwa Mama Katungu, akayaacha.

“Nilimupa sauti. Alipoenda, haya ikanishika, mwana yangu. Mugeni anaheshimu mutoto yangu sawa vile angeingia mulango sasa hivi. Na miye mama yake nilimufanya kuwa kamba, nikufunge nayo.”

“Mama, sielewe.”

“Kambere alikufa.”

Jirani mmoja alikuwa anatwanga. Kavuo alisikia mchi ukipanda na kushuka.

“Unamukumbuka Sikuli, ule balimuchukua pamoja naye? Alitoroka. Mwaka jana mbele ya Noeli alipita hapa, akaikala pale uko unaikala. Akanieleza. Kisha akavuka Kasindi, akaingia Uganda, hataki tena kuona pori.”

“Mwaka jana,” Kavuo akarudia. “Nimekuya hapa kila mwezi. Tumekula pamoja. Nikakuuliza kama habari iko, ukasema hakuna.”

“Nilisema hakuna.”

“Juu ya nini, Mama?”

“Ningesema iko, ungekuya tena kufanya nini? We ni binti ya batu. Bwana amekufa, unaenda zako. Nilikuwa nimepoteza mumoja. Nikaogopa kupoteza na wewe.”

Kavuo akainuka, akatoka barazani. Alisimama nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya maji, akaona hasira ikimpanda kama homa. Mwaka mzima alikuwa amemzunguka marehemu kama mtu aliyesinzia, akitembea kwa vidole asimwamshe. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuondoka asionekane tena katika ua ule. Kisha akamsikia mama kule barazani akiokota maharagwe moja moja kutoka sakafuni, akihema kama mzee aliyepanda mlima, naye akarudi, akapiga magoti, akaokota pamoja naye.

“Sikuli alisema nini?” akauliza. “Uniambie yote. Usinifiche hata moja.”

Mama akamwambia yote. Mizigo waliyobebeshwa, mto waliouvuka, homa iliyomshika Kambere ng’ambo ya pili. Hakuteswa. Alilala tu asiamke. Sikuli alimfunika kwa majani na akamwimbia wimbo wa kanisani, maana hakuwa na kingine. Na kabla ya hapo Kambere alikuwa anazungumza habari za arusi, akimsihi Sikuli asije akachelewa.

Hapo Kavuo alilia kwa sauti. Kilio cha msiba hakihitaji mwaliko. Jirani aliacha mchi wake akaja, wengine wakafuata, na kabla jua halijageuka ua wa Mama Katungu ulikuwa umejaa wanawake.

*

Misa ilisomwa wiki ile. Kavuo alivaa nyeusi, akakaa safu ya mbele na Mama Katungu. Walipotoka alimwona Grady karibu na ukuta wa kanisa, hana koti, shati jeusi tu. Kwanza alimpa mama pole kwa mikono miwili. Ndipo akamgeukia Kavuo.

“Nilikusingizia,” Kavuo akasema. “Christa ameapa. Unisamehe.”

“Na miye nilikata telefone. Niliona haya kuipokea tena. Unisamehe.”

“Uliniuliza ulikuwa nani. Ulikuwa mutu mwenye alinichekesha, Grady, na kila mara nilicheka niliona nimemusaliti mwingine. Njo maana sikusema.”

Grady akatoa simu yake. “Sauti iko humu. Naweza kumurudisha leo, ku mupaka ya shamba, sawa vile ulimuweka. Telefone zikwame tu.”

Kavuo akafikiri. Watu waliwapita, wanawake wakijifuta macho kwa ncha za vitenge.

“Hapana,” akasema. “Sauti iikale kwa mama yake. Lakini uandike sheria mupya. Kama mumoja amepotea, na benzake bamemutafuta habamuone, baache barudi. Ila hakuna mwenye ataingia kwake kwanza. Bote batapita kwa mama ya ule mwenye amebaki, bamuambie.”

“Na kisha?”

“Kisha jeu inaisha.”

Grady akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kazi iliyo mbele yake. “Na sisi, Kavuo?”

“Usiniulize leo. Acha nimulie mutu wangu vizuri. Siku nitamaliza, kama ungali unataka, uniulize.”

“Ningali,” Grady akasema.

Hawakushikana mikono. Grady aliwasindikiza Kavuo na mama mpaka barabarani, akarudi kazini.

Mchezo ulionyeshwa Beni mwezi uliofuata, katika ukumbi wa vijana. Kavuo alizungumza kidogo sana safari hii. Aliwapa simu wasichana wanne akawaacha. Mmoja wao akabaki nyuma katika ukungu, na wenzake wakamwita, wakarudi, wakamwita tena mpaka giza likafunga njia. Kisha wale watatu waliingia kijijini, wakapita nyumba zao wenyewe zenye taa, wakasimama mbele ya mlango ambao Christa alikuwa ameuchora bila rangi. Msichana mmoja aliweka simu chini, akatoka nje, akakaa huko peke yake. Alipoingia tena alisema anaitwa Élise, hajui kompyuta, lakini anajua kuimba, na kama bado wanatafuta mtu wa sauti, yeye anataka.

*

Grady aliuliza tena mwaka uliofuata, siku ya mvua, chini ya bati la shule, na Kavuo akasema ndiyo kabla hajamaliza.

Siku ya mahari ukoo wa Kavuo ulijaa sebuleni kwao Butembo. Upande wa Grady alikuja mjomba wake Gustave, mtu mnene mwenye suti ya bluu, aliyezoea kushinda mabishano. Na upande wa bibi arusi, katikati ya shangazi zake, alikaa Mama Katungu na kitenge kipya. Hakuna aliyemwalika pale. Alikuja mwenyewe na gari la asubuhi, akasogeza watu akakaa.

Baba mkubwa wa Kavuo alikohoa. “Mbele tuendelee, kuko neno. Mbuzi za ukoo ya Kambere ziko bado kwetu. Ni lazima zirudi, njo desturi.”

Watu wakatazama chini. Mama Katungu akasimama.

“Mbuzi gani? Ile nilimupa binti yangu? Mutu hapewe kitu yake mwenyewe mara mbili.” Akamgeukia Gustave. “Na wewe, Papa wa Kasaï, usicheke. Umesema unaleta mbuzi ngapi? Huyu alisoma, anafundisha, na alinishika mukono wakati sikustahili. Ongeza.”

Gustave akajaribu kubisha. Alibisha kwa Kifaransa, akabisha kwa Kiswahili, jasho likamtoka. Shangazi walipiga vigelegele kila mama alipomrudisha nyuma. Grady alimtazama Kavuo, na Kavuo, aliyekuwa na machozi tayari, alijikuta anacheka bila kuziba mdomo.

Katikati ya kelele Mama Katungu akainama, akamsemea Kavuo sikioni, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

“Batoto benu bataniita nani?”

Kavuo akamshika kiganja. “Batakuita nani, Mama? Nyanya.”

Mama Katungu akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya kwa nguvu, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwelekea Gustave.

“Haya, tulifika ku mbuzi ya ngapi?”